Mwongozo kamili: Jinsi ya kutengeneza albamu ya mahojiano yenye muziki bila muziki kummeza msemaji

Kazi nyingi za aina hii ninazoletewa nizisikilize zina ugonjwa mmoja. Mtu amekwenda kwa mzee, amerekodi saa nzima ya maneno mazito, amerudi nyumbani, akachukua biti, yaani mdundo uliokwisha kutengenezwa, iliyokuwa imelala kwenye kompyuta na kuibandika chini ya maneno. Mzee anasimulia, ngoma inapiga, na dakika mbili baadaye msikilizaji hajui amsikilize nani. Mtengenezaji akipandisha sauti ya mzee, muziki unapwaya. Akipandisha muziki, mzee anazama. Anahangaika na vitufe wiki nzima na hakuna kinachokaa.

Kasoro haiko kwenye vitufe, iko kwenye mpangilio wa kazi. Katika albamu ya mahojiano maneno hurekodiwa kwanza, huhaririwa kwanza, na husimama yenyewe bila kuegemea chochote. Ndipo muziki unatungwa kumfuata msemaji: kasi yake, noti zake, pumzi zake. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya msimamo huo.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: albamu ya wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, kule Muheza na Korogwe. Nimeuchagua kwa sababu una kila kitu unachohitaji kujifunza. Kuna wasemaji wa lafudhi nyingi, kuna sauti za mashine, kuna nyimbo za kazi, na kuna kumbukumbu zinazopishana. Kama wako ni manahodha wa Lamu, makuli wa bandari ya Mombasa au bibi zako wasuka ukili wa Pemba, hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuandaa kabla hujatoka nyumbani

- Kinasa sauti cha mkononi kinachorekodi faili la WAV (sauti isiyobanwa), au simu nzuri yenye maiki ya nje. Maiki ya ndani ya simu peke yake itakuangusha.
- Maiki ndogo ya kubana kwenye kola, hasa kwa mzee asiyependa kuona chombo mbele ya mdomo.
- Hedifoni za waya zinazofunika masikio. Za bluetooth huchelewesha sauti na huficha kasoro ndogo.
- Sponji au manyoya ya kuzuia upepo.
- Betri za akiba na kadi ya kumbukumbu. Saa moja ya WAV ya 48 kHz, biti 24 (hivi ni viwango vya ubora wa sauti), yenye chaneli mbili, inakula takriban GB 1.
- Kompyuta yenye programu ya kuhariri sauti. Audacity ni ya bure na inatosha. Reaper ina siku 60 za majaribio na ni bora zaidi kwa kazi yenye treki nyingi.
- Diski mbili za nje. Nakala moja si nakala.
- Fomu ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi, na daftari.
- Fedha za wanamuziki. Zitenge mapema, kwa sababu kazi nyingi hufia hapa.

## Hatua ya 1: Chagua watu wachache na jambo moja

Albamu ya dakika 35 hadi 45 inabeba wasemaji wanne hadi sita, si zaidi. Msikilizaji haoni sura, anatambua watu kwa sauti tu. Ukimletea watu kumi na wawili, kufika treki ya nne wote wamekuwa mzee mmoja.

Kwa hiyo chagua sauti zinazotofautiana: mmoja mwenye sauti nzito ya polepole, mmoja wa haraka anayecheka, mwanamke aliyefanya kazi kwenye kuanika singa, yaani nyuzi za mkonge, mtu aliyekuwa kwenye korona, yaani ile mashine ya kuchambua majani ya mkonge. Usikimbilie wenye vyeo. Msimamizi wa zamani atakupa historia ya kampuni, lakini aliyebeba mzigo begani atakupa uzito wa mzigo.

Jambo moja pia. "Maisha ya mkonge" ni pana mno. "Wiki moja shambani, tangu king'ora cha alfajiri hadi ngoma za usiku wa Jumapili" ni jambo linalobebeka, na tayari linakupa mpangilio wa treki.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu albamu yako kwa sentensi moja na yeye akauliza, "Ehe, halafu?"

## Hatua ya 2: Ridhaa inayotaja muziki

Mtu aliyekubali kuhojiwa hajakubali kuwekewa muziki, na hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Familia inasikia sauti ya baba yao juu ya midundo, redioni, na wanahisi amefanyiwa mzaha.

Ziara ya kwanza nenda bila kinasa. Toa shikamoo, kaa, kunywa chai uliyokaribishwa, zungumza na watoto wake pia. Peleka sukari na majani ya chai kama desturi inavyotaka, lakini usivifanye malipo. Kisha eleza wazi mambo manne: sauti itawekewa muziki, itakatwa na kupangwa upya, itauzwa au kusambazwa mtandaoni, na yeye ana haki ya kusikiliza kabla haijatoka na kukataa sehemu asiyoitaka.

Mapato yazungumzwe siku hiyohiyo, kwa asilimia, na yaandikwe. Hata kama unaamini hakuna hela itakayopatikana, andika.

Mzee akiimba wimbo, jambo linabadilika kisheria, kwa kuwa sasa ni mtumbuizaji mwenye haki zake. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayogusa pia sanaa za jadi. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Na taarifa zake binafsi zinalindwa: Kenya kwa sheria ya mwaka 2019, Tanzania kwa sheria ya mwaka 2022.

Kama hasomi, msomee fomu mbele ya mtu anayemwamini, halafu rekodi ridhaa yake kwa sauti yake mwenyewe. Faili hilo litunze mbali na mengine.

Tahadhari: wazee hutaja watu. "Fulani ndiye alikuwa anatuibia hesabu ya mizigo." Fulani ana wajukuu. Simulizi inaweza kubaki bila jina, na uamuzi huo ufanye sasa, kabla hujaipenda mno ile sentensi.

## Hatua ya 3: Rekodi kana kwamba hakutakuwa na muziki

Usijidanganye kwamba muziki utaficha kelele. Kelele za chumba zikiwekwa chini ya muziki hugeuka ukungu unaofunika kila kitu, na hutaweza kuziondoa.

Chumba. Chagua chumba cha kulala chenye godoro, pazia na nguo zilizoning'inia, kwa sababu vitu laini hunyonya mwangwi. Sebule ya sakafu ya saruji na kuta tupu itafanya mzee asikike kama yuko bafuni. Zima feni, redio na televisheni. Friji ichomoe, na weka funguo zako juu yake ili usisahau kuirudisha. Chini ya bati, mvua ikianza, simamisha. Panga muda usiogongana na sala. Utapata utulivu, na utakuwa umemheshimu mwenyeji.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni redio ya jirani inayopiga wimbo kwa mbali. Wimbo huo una mwenyewe. Ukiingia kwenye mazungumzo yako, albamu inaweza kuzuiwa baadaye. Nenda kamwombe jirani kwa adabu, au hamisha mazungumzo.

Maiki. Iweke umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isiwe mbele kabisa. Ikikaa mbele, kila "p", "b" na "f" inapuliza upepo ndani yake.

Viwango. WAV, 48 kHz, biti 24. Zima kipandishi cha sauti cha kujiendesha chenyewe, kwa sababu mzee akinyamaza chombo kitapandisha kelele ya chumba, na akianza tena kitashtuka. Kilele cha sauti kiguse karibu na -12 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti). Akicheka kwa nguvu, bado utakuwa na nafasi. Kama ni simu, iweke hali ya ndege.

Ukimya wa chumba. Kabla ya kuanza, omba wote mnyamaze dakika nzima huku kinasa kinaendelea. Dakika hiyo utaitumia kuziba mapengo wakati wa kuhariri. Bila hiyo kila mkato utasikika.

Mdomo wako. Huu ndio mtihani mkubwa kwetu. Adabu ya mazungumzo inatutaka tuitikie: "naam", "enhee", "loo!" Kila "enhee" yako ikikalia neno lake, neno hilo limepotea. Itikia kwa kichwa na kwa macho. Mweleze mwanzoni kabisa kwamba ukimya wako si dharau, ni kazi.

Maswali. Sauti yako haitakuwepo kwenye albamu, basi jibu lazima lisimame peke yake. Ukiuliza, "Mlikuwa mnaamka saa ngapi?" utapata "Saa kumi," na huna cha kufanya nalo. Sema hivi: "Nianzie pale king'ora kinapolia, nipeleke mpaka unafika kwenye mstari wako." Halafu kaa kimya. Akimaliza, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo kabla hujauliza lingine. Sentensi bora ya mahojiano mara nyingi huja ndani ya sekunde hizo tano.

Baada ya mazungumzo rekodi sauti za mahali: panga likikata jani, singa zikipigwa, treni kama inapita, miguu kwenye njia ya vumbi. Kwa kiwanda omba ruhusa ya uongozi na usimame mbali na korona. Punguza kiwango kabla haijawashwa, kwa sababu mngurumo wake utapasua rekodi yako.

Usitume faili kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti. Inabana sauti hadi inapoteza mwili wake, na kilichopotea hakirudi. Hamisha kwa waya, au itume kama waraka.

Ukivaa hedifoni na kufumba macho, ukamsikia mzee akimeza mate kabla ya neno gumu, na chumba usikisikie kabisa, umefaulu.

## Hatua ya 4: Hariri maneno mpaka yasimame yenyewe

Andika mahojiano yote, neno kwa neno, na saa pembeni. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato. Mashine za kunukuu Kiswahili zipo, lakini mzee wa Kimakonde au Kiha aliyejifunzia Kiswahili shambani atazishinda.

Wakati unaandika, hakiki tarehe. Wazee hawahesabu kwa kalenda. Akisema "mwaka wa Azimio", yaani Azimio la Arusha, ni 1967, mwaka ambao pia mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Akisema alikuja "enzi za SILABU", anazungumzia ofisi iliyokuwa ikikusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali, kabla ya hapo. Kama masimulizi yake yanaruka kati ya enzi hizo mbili, panga vipande ili msikilizaji asichanganyikiwe, lakini usimwekee maneno mdomoni. Wazee wawili wakipingana, waache wapingane. Ziweke treki zao jirani.

Lafudhi usiiguse. Anayesema "kulara" aachwe na "kulara" yake. Ukimnyoosha utakuwa umemfuta.

Sasa mkato wenyewe. Chukua mfano huu niliotunga kwa ajili ya somo:

*"Kwanza, ee, nilikuwa, nilikuja na lori. Lori la... tulikuwa wengi. Tukapewa namba. Namba yangu... naikumbuka mpaka leo."*

Mhariri mwenye haraka atafyeka kila kusita na kubakiza: "Nilikuja na lori, tulikuwa wengi, tukapewa namba, namba yangu naikumbuka mpaka leo." Inaeleweka, na imekufa. Mimi ningetoa "ee, nilikuwa" tu, kwa kuwa ni ulimi unaotafuta njia. "Lori la..." ningeibakiza, kwa sababu pale anaona kitu ambacho hakisemi. Na ukimya kabla ya "naikumbuka" nisingeugusa hata kwa nusu sekunde. Vibarua kama yeye ndio waliokuja kuitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Ukimya ule una habari nyingi kuliko aya nzima ya maelezo.

Kanuni za mkono:

Kata kwenye pumzi, usikate katikati ya neno. Acha nusu ya pumzi kila upande. Weka mfifio mdogo wa milisekunde 5 hadi 10 kwenye kila kiungo ili kisilie "tik". Ziba pengo kwa ule ukimya wa chumba, kamwe usizibe kwa ukimya wa kompyuta, ambao sikio linaustukia papo hapo.

Ondoa mvumo wa chini ya 80 Hz (mitetemo 80 kwa sekunde). Kupunguza kelele kusizidi 6 dB, la sivyo sauti itaanza kulia kama inatoka ndani ya maji. Tumia kompresa (kifaa cha kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) ya 3:1 inayoshusha vilele kwa 3 au 4 dB tu.

Tahadhari kubwa: usichukue jibu la swali moja ukaliunganisha na swali lingine. Hapo unakuwa umemfanya aseme ambalo hakusema.

Jaribio la kufaulu: mpe mtu anayepika au anayefua asikilize treki nzima bila muziki. Akiacha mikono ikasimama hata mara moja, treki iko tayari. Akikuuliza "muziki unaingia lini?", rudi mezani, maana muziki hautaiokoa.

## Hatua ya 5: Tafuta kasi na noti za msemaji

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayotofautisha albamu na mahojiano yaliyotiwa biti.

Anza na kasi. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kila sentensi ina mapigo yake tayari: *NAmba YAngu naikuMBUka mPAka LEo*, ukiisikiliza kwa sikio la mpiga ngoma. Sikiliza kipande huku ukigonga meza kwenye silabi zilizobeba uzito. Fanya hivyo kwenye sehemu tatu tofauti za treki, na gonga kitufe cha kupimia kasi kwenye programu yako. Hutapata namba moja, utapata eneo, labda mapigo 62 hadi 70 kwa dakika. Hilo ndilo eneo la muziki wako. Ukileta biti ya 100, mzee ataonekana amechoka. Ukileta ya 50, ataonekana ana haraka.

Usimkate mzee vipande ili akae kwenye mapigo. Mapigo ndiyo yamfuate. Ndiyo maana chini ya simulizi ndefu napendelea ala zisizo na mdundo mkali: noti ndefu, nyuzi zinazoguswa kwa nafasi. Ngoma ziache kwa pale alipoimba au aliporudia neno mwenyewe.

Kisha noti. Kila mtu ana noti anayotua akimaliza sentensi. Sikiliza mwisho wa sentensi kumi, uimbe kwa kuguna, uitafute kwenye kinanda. Mara nyingi utakuta mzee anatua palepale, tuseme kwenye La. Ukitunga muziki unaotulia kwenye La hiyo, au kwenye Re iliyo chini yake, ghafla sauti yake na ala zitasikika zimezaliwa nyumba moja. Ukitunga nusu noti pembeni, msikilizaji atahisi karaha bila kujua inatoka wapi.

Mwisho, nafasi. Sauti ya mwanamume anayezungumza huwa na msingi kati ya 85 na 180 Hz, ya mwanamke kati ya 165 na 255. Nyuzi za chini za udi na gitaa la besi zinaishi humohumo kwa mwanamume. Zikimpigia chini yake mfululizo zitamziba kifua. Juu zaidi, kati ya 1,000 na 4,000 Hz, ndipo konsonanti nyingi zinapokaa, na bila konsonanti hakuna neno. Hapa adui ni kayamba na matoazi. Mchakacho wao unafanana kabisa na "s", "sh" na "ch", na kayamba moja inayocheza mfululizo inatosha kufanya "shamba" na "chamba" visitofautiane. Ipige kati ya sentensi, isipigwe juu yake.

Kuna mbinu moja nzuri sana: mwanamuziki kuiga mwendo wa sentensi kwa ala yake. Mzee anasema "naikumbuka mpaka leo", zeze linarudia kupanda na kushuka kulekule. Lifanye baada ya yeye kumaliza, si pamoja naye. Lakini kukata sentensi ya mtu na kuirudiarudia kama kiitikio kifanye mara moja au mbili tu katika albamu nzima, na umwonyeshe kwanza. Neno la mtu likirudiwa mara nane linaweza kugeuka kejeli.

## Hatua ya 6: Tunga na rekodi muziki

Ala zitoke kwenye habari yenyewe. Mashamba ya mkonge yalikusanya watu wa makabila mengi, kwa hiyo ngoma za sindimba ya Wamakonde zina haki ya kuwepo kama msemaji ni Mmakonde na amezitaja. Ilimba (ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na zeze vina haki kama una mzee wa Kigogo. Tanga mjini nako kulikuwa na dansi la akina Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, kwa hiyo gitaa safi la dansi linakaa vizuri chini ya hadithi ya Jumamosi ya mshahara. Lililo baya ni kumwaga "ladha ya asili" kila mahali, kayamba na ngoma zisizo na mwenyewe.

Roho ya dansi unaweza kuichukua, lakini rekodi yenyewe usiichukue. Kukata sekunde tano za santuri ya zamani bila idhini ni kosa, na hoja ya "ni fupi tu" haikuokoi.

Wanamuziki utawapata. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi pale Zanzibar, DCMA, kinafundisha udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na fidla, na TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ina wapiga ngoma. Lipa, andikiana mkataba wa ukurasa mmoja, taja nani anamiliki nini.

Wakati wa kurekodi, mwanamuziki avae hedifoni na asikie maneno yaliyokwisha kuhaririwa. Mpe karatasi ya maneno pia. Mpiga kanuni akiijua hadithi, atajua mwenyewe pa kunyamaza.

Chora ramani ya kila treki kabla ya kurekodi: muziki unaingia kwenye neno gani, unatoka kwenye neno gani. Mwongozo wangu ni huu. Usianze muziki pamoja na neno la kwanza. Acha mzee ajenge picha kwanza. Toa muziki *kabla* ya sentensi nzito kuliko zote, uurudishe baada yake. Na karibu theluthi ya maneno yote yabaki matupu. Wengi wanaogopa utupu huo. Ila muziki usiokoma huacha kusikika baada ya muda, na ukishaacha kusikika haufanyi kazi yoyote zaidi ya kuziba.

## Hatua ya 7: Miksi

Weka sauti ya msemaji katikati kabisa na ala kulia na kushoto. Hatua hiyo peke yake inafungua nafasi kubwa.

Anza na muziki ukiwa chini ya sauti kwa 12 hadi 15 dB pale anapozungumza, uupandishe taratibu anaponyamaza. Audacity ina kifaa cha kushusha muziki chenyewe kinachoitwa Auto Duck: treki ya sauti iwe moja kwa moja *chini* ya treki ya muziki, chagua ya muziki, kisha kitumie. Wengi wanaipanga kinyume na kulalamika haifanyi kazi. Baada ya hapo rekebisha kwa mkono, sentensi kwa sentensi, kwa sababu mashine haijui neno gani ni zito.

Kama maneno bado hayatoki, usiongeze sauti ya mzee. Kwenye ekolaiza ya muziki punguza 2 hadi 3 dB kati ya 1,000 na 4,000 Hz. Mara nyingi hilo linamaliza ubishi.

Mwangwi wa bandia usimwekee msemaji. Utamhamisha kutoka chumbani kwake kwenda ukumbini, na ule ukaribu ulioutafuta kwa jasho utatoweka.

Sikiliza kwa sauti ndogo sana, kisha kwenye spika ya simu, kisha kwenye gari lenye injini inayounguruma. Kila neno likisikika kwenye yote matatu, miksi imekaa.

Kwa masta, yaani nakala ya mwisho, -16 hadi -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jumla) inatosha, kilele kisizidi -1 dB. Spotify hulinganisha nyimbo kwenye -14, kwa hiyo kubana zaidi hakukupi faida, kunachosha masikio tu. Hakikisha sauti za wasemaji wote ziko kiwango kimoja, mtu asilazimike kushika kitufe kila treki inapobadilika.

## Hatua ya 8: Panga treki

Anza na sauti inayokaribisha, si lazima iwe hadithi kubwa. Usiweke wasemaji wa sauti zinazofanana wakifuatana. Acha sekunde tatu au nne kati ya treki. Wimbo unahitaji mbili, maneno yanahitaji zaidi.

Kuhusu urefu, dakika tatu hadi sita ni salama. Spotify huhesabu kwamba treki imechezwa baada ya sekunde 30, na tangu 2024 treki isiyochezwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haizalishi mrabaha. Ukikatakata albamu kuwa vipande thelathini vya dakika moja, unajinyima.

## Hatua ya 9: Mrudie mzee, kisha toa

Kabla ya kupakia popote, beba spika nzuri, nenda nyumbani kwake, sikilizeni pamoja na watu wake. Angalia uso wake, si maneno yake tu, maana wazee wetu kwa adabu watasema "ni nzuri" hata pale wanapoumia. Akinyamaza mahali, muulize kwa upole akiwa peke yake. Akisema kitu kitoke, kinatoka, hata kama ndiyo treki uipendayo.

Sajili kazi kwenye taasisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya. Kila treki ipewe namba yake ya ISRC, utambulisho wa kimataifa wa rekodi, yenye herufi na tarakimu 12; wasambazaji wengi huitoa wenyewe unapopakia. Kwenye kujaza majina, mweke mzee kama msanii mkuu wa treki yake, na mtunzi wa muziki pembeni yake. Wengi hujiandika wao wenyewe mbele na mzee wanamzika kwenye "shukrani". Lugha iandikwe Kiswahili. Ambatanisha maneno kamili ya kila treki, kwa faida ya viziwi na ya watafiti wanaokuja.

Boomplay, Audiomack na Spotify zinafikika kupitia wasambazaji wa mtandaoni. Lakini kijijini watu husikiliza kwa flashi na redio, kwa hiyo andaa faili za MP3 za 320 kbps na uzipeleke redio ya jamii iliyo karibu, pamoja na barua inayoeleza ridhaa ilivyopatikana.

Na mahojiano mazima, yale ya saa moja yasiyokatwa, yasiyo na muziki, yaweke kwenye flashi mbili uwakabidhi familia kwa mkono, moja kwa mzee na moja kwa mtoto anayeishi mji mwingine. Andika juu yake jina na tarehe kwa kalamu isiyofutika.